Anza mlangoni: jinsi ya kurekodi kumbukumbu za nyumba aliyokulia mzee wako

Mara ya kwanza nilipoketi na shangazi yangu ili nimrekodi, nilimwuliza swali nililoliandaa siku tatu: "Shangazi, hebu nieleze maisha yako ya utotoni." Akafikiri. Akasema walikuwa watoto wengi, maisha yalikuwa magumu lakini yenye furaha, na wazazi walikuwa wakali. Kisha akanyamaza na kunitazama, kama mtu aliyekwisha kulipa deni lake. Hata dakika mbili hazijatimia. Nikahangaika, nikauliza lililonijia mdomoni: ule mlango wa mbele ulikuwa unafungukia ndani au nje?

Akainua mkono, akausukuma hewani. "Ndani," akasema, "lakini ilikuwa lazima uunyanyue kidogo, maana bawaba ya juu ililegea. Ukiusukuma hivihivi unakwaruza sakafu, na baba anaamka." Tulizungumza saa moja na nusu.

Yote nitakayoeleza hapa yametoka kwenye mlango ule. Ukimwuliza mtu habari za utoto wake, atakupa muhtasari aliokwisha kuutoa mara nyingi. Ukimwuliza komeo lilikuwa upande gani, itabidi arudi ndani ya nyumba kulitafuta, na akiwa humo atakutana na watu. Wasemaji wa Ugiriki na Roma ya kale waliitumia njia hiyohiyo kukariri hotuba: kila hoja iliwekwa katika chumba chake, kisha msemaji akapita chumba kwa chumba akilini akiziokota. Kuna msingi wake mwilini pia. Mwaka 1971 John O'Keefe na mwenzake walieleza juu ya chembe za ubongo zinazoamka mnyama anapofika mahali fulani tu, na mwaka 2014 O'Keefe alipata Tuzo ya Nobel pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser kwa kazi hiyo ya ramani za ubongoni. Chembe hizo ziko kwenye hipokampasi, sehemu ileile inayohitajika kukumbuka matukio ya maisha. Kwa hiyo mahali na tukio ni majirani wa karibu sana.

Hatua ya kwanza: omba, na ueleze kwa nini

Usirekodi kwa siri, hata kama unaona mzee atakuwa huru zaidi asipojua. Siku atakapogundua, hatakusimulia tena, na atakuwa na haki. Mwambie unataka kurekodi nini, nani atasikiliza, na utahifadhi wapi. Mwambie anaweza kukataa swali lolote, na kwamba akitaka kipande kifutwe, kitafutwa.

Wengi hujibu, "Mimi sina cha maana cha kusimulia." Hapo usimsifu wala usibishane naye. Mwambie tu kwamba unataka kuijua nyumba aliyokulia, na kwamba hakuna mwingine unayeweza kumwuliza. Kuisimulia nyumba ni mzigo mwepesi kuliko kujisimulia mwenyewe. Kama alihamahama na ana nyumba nne au tano, achague mwenyewe. Mimi huuliza ni ipi anayoiota usiku, na hakuna aliyewahi kushindwa kunijibu.

Na usingoje. Kama mzee ameanza kusahau, bado inafaa kujaribu: Mfaransa Théodule Ribot alieleza mwaka 1881 kwamba ubongo unapodhoofika, mara nyingi mambo ya karibuni hutangulia kupotea na ya zamani hubaki muda mrefu zaidi. Mtu anayeshindwa kukumbuka alichofanya asubuhi anaweza kukueleza vizuri ngazi aliyoipanda akiwa na miaka saba. Kwake fanya vikao vifupi, dakika 20 au hata 15, wakati wa siku ambao yuko macho zaidi.

Hatua ya pili: chombo na mahali

Simu yako inatosha. Nasema hivyo kwa sababu nimeona watu wakiahirisha miaka miwili wakitafuta maikrofoni bora, na mzee akaondoka. Fanya haya tu:

Iweke simu katika hali ya ndege, kwa sababu simu ikiingia katikati, programu nyingi za kurekodi husimama zenyewe. Chaji ijae. Hakikisha nafasi ipo: sauti ya WAV (aina ya faili isiyobanwa) ya kHz 44.1 na biti 16, chaneli moja, hula takriban MB 318 kwa saa, na MP3 (aina iliyobanwa ili iwe ndogo) ya kbps 128 hula takriban MB 58. Kama nafasi inatosha, chagua WAV, maana haipunguzi chochote katika sauti. MP3 unaweza kuitengeneza baadaye kwa ajili ya kuwatumia ndugu. Kama haitoshi, rekodi kwa MP3 na usijute.

Simu ikae karibu na mdomo wa msimulizi kuliko wako, kama sentimita 30, juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isipitishe mshindo wa kila mkono unaotua. Zima feni, televisheni na redio. Chumba chenye mapazia, zulia, kitanda au viti vya sponji kina sauti nzuri. Chumba kitupu chenye vigae kina mwangwi ambao baadaye huwezi kuuondoa. Rekodi dakika moja ya majaribio, kisha isikilize kwa spika za masikioni kabla hamjaanza. Dakika hiyo usiiruke. Nilishawahi kupoteza kikao kizima kwa sababu kidole changu kilikuwa kimeziba tundu la maikrofoni, na yale niliyoyasikia siku ile hayakurudi tena kwa namna ileile.

Kuhusu video: mimi siipendi kwa kazi hii. Kamera humfanya mtu ajiweke sawa, atazame mbele, aseme yanayofaa. Sauti humwacha afumbe macho. Piga picha chache za mikono yake ikichora, zitatosha.

Kama mko mbali na mnazungumza kwa simu, mwombe mtu aliye naye arekodi upande wake kwa simu nyingine, na wewe urekodi wako. Sauti inayopita kwenye mtandao hubanwa na hukatikakatika. Ile iliyorekodiwa chumbani kwake itakuwa safi.

Hatua ya tatu: maneno ya kwanza

Ukishabonyeza kitufe, sema tarehe, mahali mlipo, jina lako, jina la msimulizi, na nyumba mnayoizungumzia. Kisha mwulize kwa sauti kama ameridhia kurekodiwa, na umwache ajibu mwenyewe. Sekunde 30 hizo ndizo zitakazomsaidia mjukuu atakayeikuta faili hii bila lebo.

Hatua ya nne: mpe karatasi, kalamu ashike yeye

Weka mbele yake karatasi kubwa nyeupe na penseli, umwombe achore nyumba kama inavyoonekana kwa ndege aliye juu: kuta, milango, madirisha, ngazi, ua, mti kama ulikuwapo. Atasema hajui kuchora. Mwambie mistari inatosha. Ila usimchoree wewe. Ukichora wewe, atakuwa anasahihisha nyumba yako badala ya kuitafuta yake.

Kinasa sauti kiwe kinaendelea muda wote anapochora, kwa sababu utamu uko kwenye kufuta. Anachora chumba cha wazazi, anatulia, anakifuta: "Hapana, hapa palikuwa na ukuta mwingine, ulijengwa baadaye, kaka yetu mkubwa aliporudi." Ukuta mmoja uliokosewa umekuletea habari ambayo hukujua hata kuiulizia.

Hapa pana kosa linalofanywa na karibu kila anayeanza. Msimulizi atasema "hapa," "pale," "upande huu," huku akigusa karatasi, na kwenye rekodi hapatasikika kitu isipokuwa kidole. Kazi yako ni kuyageuza hayo kuwa maneno, taratibu, bila kumkatiza: "Unaonyesha kona ya kushoto, nyuma ya mlango wa chumba cha watoto." Ataitikia na kuendelea. Pia pape namba kila mahali panapozaa hadithi: 1 mlangoni, 2 chini ya ngazi, 3 dirishani. Namba hizo zitakufaa sana mwishoni.

Uliza jua liliingia dirisha lipi asubuhi. Swali hilo dogo linakupa mashariki, na ukishaipata mashariki, ramani yote inakaa sawa. Kwa vipimo, usidai mita. Mtoto huona vitu vikubwa kuliko vilivyo, na mtu mzima amebaki na macho yale ya mtoto. Pima kwa miili: baba aliweza kuigusa dari bila kupanda kitu? Vitanda viwili vikiwa chumbani, mtu mzima aliweza kupita katikati? Kutoka kitandani kwako hadi mlangoni ni hatua ngapi usiku, gizani? Swali la mwisho karibu kila mara hujibiwa na miguu. Utamwona akizihesabu chini ya meza.

Hatua ya tano: ingieni ndani, pole pole

Sasa tembeeni. Anzieni nje, mahali ambapo mtu anayekuja ataiona nyumba kwa mara ya kwanza, msogee hadi kizingitini, kisha chumba kwa chumba. Usiruke kwa sababu umechoka au kwa sababu unajua kipi kitavutia. Chumba ambacho hukukitarajia ndicho mara nyingi kinachobeba uzito.

Katika kila chumba mimi hutafuta mambo ya aina chache, wala sifuati mpangilio. Kwanza mwili ulifanya nini pale: ulikaa wapi, uliegemea nini, uliweka viatu wapi, ulijificha wapi ulipokosea. Mikono hukumbuka mambo ambayo ulimi haujawahi kuyasema. Mwombe aonyeshe alivyofungua dirisha, alivyowasha taa, alivyopanda ngazi iliyokuwa na kipandio kibovu. Akionyesha, wewe sema kwa sauti unachokiona.

Kisha sauti. Kitu gani kilisikika mtu akiwa kitandani? Nani alikuwa wa kwanza kuamka, na mlijuaje kuwa ameamka? Mvua ililiaje juu ya paa lile? Sikio la mtoto aliyelala lilijua nyumba nzima. Mzee mmoja katika ukoo wetu hakuweza kukumbuka rangi ya ukuta wowote, lakini aliweza kutambua kila mtu wa nyumba ile kwa jinsi alivyokanyaga sakafu, na akaziiga nyayo zao moja baada ya nyingine kwa vidole juu ya meza. Kipande hicho kina sekunde 40, na katika yote niliyonayo hicho ndicho ningekiokoa kwanza nyumba ikiungua.

Halafu harufu. Njia ya harufu hufika haraka kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia na kumbukumbu, ndiyo maana harufu moja humtupa mtu miaka 60 nyuma bila kumwomba ruhusa. Usiulize "kulikuwa na harufu gani?" maana hakuna anayejua kujibu hivyo. Uliza: ukifungua lile kabati, nini kilikugonga puani? Godoro likianikwa? Chumba kilichofungwa muda mrefu?

Mwisho, mipaka. Chumba gani watoto hawakuruhusiwa kuingia? Kitu gani hakikuguswa? Nani alikuwa na kiti chake? Nani alilala na nani, na mpango huo ulibadilika lini? Hapa ndipo utajua nani alikuwa na nguvu katika nyumba ile, nani alipendelewa, nani alikuja kuishi humo na lini, bila wewe kuuliza lolote kati ya hayo waziwazi.

Hatua ya sita: namna ya kuuliza, na namna ya kunyamaza

Maneno ya swali huingia ndani ya kumbukumbu. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa yakienda kwa mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, kwamba magari "yalipopondana", walikadiria mwendo mkubwa kuliko walioulizwa kwamba "yalipogusana". Filamu zilikuwa zilezile. Basi usiseme, "Chumba kilikuwa cha giza, sivyo?" Sema, "Mwanga ulikuwaje humo?" Usiseme, "Mlikuwa mnaogopa kushuka chini?" Sema, "Kushuka chini usiku kulikuwaje?"

Uliza swali moja kwa wakati mmoja. Akimaliza kusema, usijibu. Hesabu hadi kumi moyoni. Mara nyingi ukifika sita au saba, ataongeza sentensi ambayo hakuwa amepanga kuisema, na hiyo ndiyo uliyoijia. Kwangu hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa nimelelewa kujaza kimya cha mkubwa kwa kuitikia. Nimejifunza kuitikia kwa kichwa. "Naam" zako nyingi zitakuudhi ukizisikia kwenye rekodi juu ya maneno yake.

Usimsahihishe. Akisema walihamia mwaka 1958 na wewe unajua ni 1961, mwache, andika pembeni, ulinganishe baadaye. Watu wengi hawana kumbukumbu zao wenyewe za kabla ya takriban miaka 3, kwa hiyo akikusimulia jambo la uchanga wake, mwulize kwa upole: hili uliliona mwenyewe au ulisimuliwa? Majibu yote mawili yana thamani. Ukijua kwamba mama yake alimsimulia, umepata na sauti ya mama.

Hatua ya saba: panapouma

Nyumba za utotoni ziliuzwa, zilibomolewa, zilichomwa, ziligawanywa kwa ugomvi. Ndani yake watu walipigwa, na watu walikufa. Ukitembea chumba kwa chumba utafika mlango ambao msimulizi hataki kuufungua. Utauona: anafupisha majibu, anabadilisha mada, mkono unaondoka kwenye karatasi. Mwambie, "Hapa tunaweza kupita." Akitaka kuingia, ataingia mwenyewe.

Akilia, usizime kinasa sauti kwa haraka kama mtu aliyeona aibu, wala usijifanye hukuona. Mwulize kama anataka tusimame. Wengine hutaka, wengine husema, "Hapana, acha iendelee." Fuata neno lake. Na kikao kisiishie kwenye kidonda. Kabla ya kufunga, mrudishe mahali palipo salama ndani ya nyumba ileile, pale alipocheza au alipokaa na mtu aliyempenda, mkae hapo dakika chache. Kisha zima, ukae naye bila kurekodi. Dakika 60 hadi 90 ni kikomo kizuri kwa siku moja, hata kama anaonekana ana nguvu.

Hatua ya nane: kikao cha pili, na wengine

Picha za zamani ziletwe kikao cha pili, si cha kwanza. Ukianza na picha, kumbukumbu hujibana ndani ya pembe zake nne, na msimulizi anaanza kutaja majina ya waliosimama mstari wa nyuma. Ukianza na karatasi tupu kisha ukaleta picha, atakuambia kilichokuwa nje ya picha. Vivyo hivyo kwa picha za setilaiti: zitazameni mwishoni, mkishamaliza kuchora.

Kama ana ndugu aliyekulia humo, mrekodi peke yake, na umpe karatasi yake mpya. Usimwonyeshe mchoro wa mwenzake. Michoro itapishana, na wao watagombana kwa mapenzi makubwa juu ya dirisha moja. Usimpe yeyote ushindi. Aliyelala ukutani na aliyelala dirishani hawakukulia chumba kimoja. Ukishakuwa na rekodi zote mbili, ndipo uwakutanishe na michoro yao mezani, na kinasa sauti kikiwa kinaendelea.

Hatua ya tisa: hifadhi siku ileile

Kabla hujalala, toa faili kwenye simu na uipe jina linaloanza na tarehe, mwaka kwanza, kwa mfano 2025-03-14_shangazi_nyumba_01.wav. Kwa mpangilio huo faili zitajipanga zenyewe. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba yako: kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni au kwa ndugu anayeishi kwingine. Simu si ghala. Piga picha ya mchoro mchana, kwenye mwanga usio na kivuli, halafu uihifadhi karatasi yenyewe bila kuikunja.

Kuandika kila neno ni kazi kubwa. Saa moja ya sauti yaweza kukula saa nne hadi sita, hasa pakiwa na sauti mbili zinazopandana. Wengi hukwama hapo na faili zinabaki bila kusikilizwa. Ushauri wangu ni kutengeneza orodha ya dakika kwanza. Sikiliza ukiwa na mchoro mbele yako, na kila unapofika jambo, andika: dakika 14:20, namba 2, chini ya ngazi, alipojificha. Kwa jioni moja utakuwa na ufunguo wa rekodi nzima, na ule mchoro utakuwa ndio ukurasa wake wa yaliyomo. Vipande vinavyokugusa zaidi ndivyo uviandike neno kwa neno, kwa lahaja yake na maneno yake, bila kumsafishia sarufi. Kama alisema neno la nyumbani kwao ambalo hulijui, liandike kama ulivyolisikia na umwulize maana.

Hatua ya kumi: mrudishie

Peleka rekodi kwa msimulizi kabla hujampa mtu mwingine yeyote. Isikilizeni pamoja, walau nusu saa. Mwulize nini kifutwe, nini kibaki kwa familia tu, na nini kinaweza kwenda mbali zaidi. Kumbuka pia waliotajwa ambao bado wako hai. Siri ya jirani haikuwa yake kuitoa, wala yako kuisambaza. Mwachie nakala yake, kwenye chombo anachoweza kukiwasha mwenyewe.

Halafu kaa karibu na simu. Shangazi alinipigia siku mbili baada ya kusikiliza, alfajiri, bila hata kujulia hali. Alikuwa amekumbuka kwamba ule mlango, kabla ya bawaba kulegea, uliwahi kupakwa rangi, na anamjua aliyeupaka. Nilimwomba angoje kidogo, nikatafuta kinasa sauti, nikafungua faili mpya, nikaiita 03.